Mshika Mbili

Mwezi wa Machi, theluji ya Dakota ikiwa chafu kandokando ya lami,
tulizunguka vyuo viwili kwa lori langu la viazisukari,
mimi na Torunn, kitinda mimba wangu, mrusha kisahani,
mabega yake mapana kuliko ya kaka zake,
begani mkoba wa mawe anayookota kila tunaposimama kujaza mafuta.

Chuo cha kwanza kilikuwa mji.
Uwanja wake ungemeza wilaya yetu nzima
na bado ungelala njaa.
Walitupa kofia. Walitupa soda. Jina letu
likawaka kwenye ubao wa taa, HAUGSTAD,
na mimi, mtu mzima, nikageuka kando
nikasingizia vumbi.

Kocha akasema: kila kitu bure. Chumba, chakula, viatu.
Torunn akaulizia maabara ya miamba,
ile ya Alhamisi, saa nane mchana.
Kocha akacheka kwa upole,
kama mtu anayemfunga mtoto kamba za viatu:
"Alhamisi saa nane tuko uwanjani.
Wasichana wangu wengi huchagua somo jepesi."

Jepesi.
Neno hilo lilipanda nasi garini
likakaa katikati yetu maili mia mbili.

Chuo cha pili nilikipita mara mbili bila kukiona.
Majengo tisa, mnara wa maji,
na shamba la mahindi lililokwisha vunwa
linalogusa ukingo wa uwanja:
ukirusha vibaya, kisahani unakitafuta kwenye mabua.
Kocha wao, Bi. Orcutt, alitupokea chini ya mvua
na mwavuli uliovunjika mbavu mbili.
Akatoa funguo zilizotungwa kwenye waya mmoja,
huu wa stoo ya mikuki na matufe,
huu wa chumba cha darubini.
"Mwalimu wa jiolojia huniachia," akasema,
"maana wangu humaliza mazoezi giza limeingia."
Hakuahidi kikombe. Alitaja tu,
kama anayetaja bei ya mayai,
kwamba mwaka jana walifika fainali za taifa
wakalikosa taji kwa upana wa kiganja.
Uchungu haukuwa umemtoka.
Nilimpenda kwa uchungu ule.

Lakini pale hawamlipii mtu mkono wake.
Wanalipia alama, na alama za Torunn
zilifika robo tatu ya ada.
Robo iliyobaki niliiandika nyuma ya risiti ya mbegu,
nikaikunja, nikaikunjua. Haikupungua.

Njiani nikamwambia, macho barabarani:
mwanangu, mshika mbili, moja humponyoka.

Akanyamaza hadi tukavuka daraja la reli.
"Baba, kisahani kimeumbwa kiponyoke.
Kazi ni kujua lini ufungue vidole."
Kisha akalala, mdomo wazi,
jiwe la kijivu limemlalia kiganjani.

Niseme kweli, kwa kuwa amelala:
mimi niliutaka ule uwanja mkubwa.
Nilitaka vipaza sauti vilitaje jina la baba yangu,
aliyekufa akidaiwa trekta.
Nilitaka majirani wanunue tiketi.
Yote hayo yalikuwa yangu, na yeye ndiye angeyarusha.

Sasa ni Oktoba. Nimeomba zamu ya usiku kiwandani,
nguo zangu zinanuka viazi vilivyochemshwa.
Alhamisi iliyopita simu ililia saa nne usiku.
Alikuwa amekanyaga nje ya duara mara tatu,
matope hadi magotini, hasira tele,
na papo hapo, bila kuvuta pumzi,
akaanza kunieleza juu ya kipande cha mwamba
alichokikata kikawa chembamba kama ganda la kitunguu,
na rangi zilizochomoza alipokigeuza chini ya darubini.

Sikuelewa hata nusu.
Mashine zilikuwa zikinguruma nyuma yangu.
Nikaziba sikio moja kwa kidole,
nikamwambia, rudia.